Nywele nyembamba zenye mafuta zinazolala: mwongozo wa kuziosha, kuzikausha na kuzipanga

Mwenye nywele nyembamba za singa anaijua vyema hali hii: asubuhi ameziosha na kuzichana zikapendeza, lakini ikifika adhuhuri zimekwisha kulala juu ya fuvu, utosi umebaki bapa, na zile za mbele zimegandana vishungi vishungi kana kwamba hazijaguswa na maji kwa siku tatu. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuongeza krimu, mafuta na jeli, na kadiri wanavyoongeza ndivyo zinavyozidi kulala, kwa sababu unywele mwembamba hauna nguvu ya kubeba mzigo. Mwongozo huu unashika njia iliyo kinyume chake. Kwanza tunaondoa kila kinachozilemea nywele, kisha tunazikausha zikiwa zimeinuliwa kwenye shina, maana unywele hushika umbo uliokaukia nalo. Anayelielewa jambo hilo moja atazielewa hatua zote zinazofuata, hata akilazimika kuzibadilisha kidogo zilingane na kichwa chake.

Hatua ya kwanza: zitambue nywele zako

Watu huchanganya mambo matatu yasiyofanana: wembamba wa unywele mmoja mmoja, uchache wa nywele kichwani, na wingi wa mafuta. Okota unywele ulioanguka, ulaze juu ya karatasi nyeupe kando ya uzi wa kushonea, kisha uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa vidole havihisi kitu, au vinahisi kidogo sana, unywele wako ni mwembamba. Kwa kawaida unywele wenye upana usiofikia milimita 0.06 huhesabiwa kuwa mwembamba, na uliozidi milimita 0.08 huhesabiwa kuwa mnene. Uchache ni habari nyingine kabisa. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000, na wengi wenye nywele nyembamba wanazo nyingi tu, ila kwa kuwa kila mmoja ni mwembamba na zote zimelaliana, mwenyewe huingiwa na hofu kwamba zinakwisha.

Ili kupima mafuta, osha nywele kwa shampuu bila kupaka kitu kingine chochote, na baada ya saa 24 bonyeza kipande cha tishu utosini na kingine nyuma ya sikio. Tishu zote mbili zikilowa mafuta, ngozi yako ya kichwa hutoa mafuta mengi kweli. Zikibaki kavu ilhali nywele zimelala na kunata, yumkini mkosaji ni mabaki ya vipodozi, na huenda ukaridhika kwa kuzingatia sehemu ya kuosha peke yake.

Mafuta hayo yanatoka wapi

Kando ya kila kifuko cha unywele ndani ya ngozi kuna tezi ndogo inayotoa mafuta yaitwayo sebamu. Kazi ya tezi hizo huongozwa zaidi na homoni, hasa zile za kundi la androjeni, na ndiyo sababu nywele za mafuta huanza kuwasumbua watu wanapobalehe. Katika unywele uliojisokota, mafuta hukawia kwenye kila kona, ilhali katika unywele ulionyooka huteremka bila kizuizi kutoka ngozini hadi chini. Tena unywele mwembamba una eneo dogo la kuyasambaza, kwa hiyo kiasi ambacho kwenye unywele mnene kisingeonekana, kwenye mwembamba kinatosha kuulowesha. Nywele zikilowa mafuta hushikamana, na ile hewa iliyokuwa kati yake, ambayo ndiyo inayokipa kichwa ujazo, hutoweka.

Iko imani iliyoenea kwamba kuosha nywele kila siku huzichochea tezi kutoa mafuta zaidi, na kwamba mtu akivumilia wiki kadhaa bila kuosha zitatulia. Napenda niseme waziwazi kwamba imani hii imewatesa watu bure. Tezi haina habari kama umeosha au hukuosha, kwani amri zake hupewa na homoni zilizo katika damu. Nywele zinazochafuka upesi ni za kuoshwa upesi, na hakuna aibu wala madhara katika kuziosha kila siku au kila baada ya siku moja, mradi shampuu iwe ya upole na ngozi isilalamike.

Hatua ya pili: osha ngozi ya kichwa

Chagua shampuu iliyoandikwa kuwa ni ya nywele za mafuta au ya kuongeza ujazo. Zikwepe zile zinazounganisha shampuu na kondishna katika chupa moja, pamoja na zinazoahidi unyevu mwingi na kulainisha nywele kavu. Nyingi kati ya hizo huacha juu ya unywele utando wa silikoni, ambayo kwenye orodha ya viambato huonekana mara nyingi kwa jina la dimethicone. Utando huo ni neema kwa unywele mnene uliokauka, lakini kwako ni uzito.

Chana nywele zikiwa bado kavu ili kutoa mafundo, halafu zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika moja nzima, kwa kuwa nywele zilizolowa juujuu tu hula shampuu nyingi bila kutakata. Mimina kiganjani kiasi cha kijiko cha chai, kisugue kati ya viganja mpaka kianze kutoa povu, kisha ukipeleke moja kwa moja kwenye ngozi: kwanza kisogoni, halafu nyuma ya masikio, halafu utosini, na mwisho kwenye paji la uso. Watu wengi huanza utosini na kuishia hapo, na kisogo chao hakioshwi ipasavyo mwaka mzima. Tumia nyama za ncha za vidole, wala si kucha, na usugue kwa miduara midogo kwa dakika moja hivi. Urefu wa nywele hauhitaji kusuguliwa, kwani povu litakaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuusafisha.

Suuza, kisha rudia mara ya pili kwa nusu ya kiasi cha kwanza. Utaona kwamba mara ya kwanza povu lilikuwa haba na mara ya pili limejaa. Sababu ni kwamba shampuu ya kwanza ilitumika kuyakamata mafuta, na ya pili imepata nafasi ya kuisafisha ngozi yenyewe. Baada ya hapo suuza kwa dakika mbili kamili, ukiinua nywele kwa vidole ili maji yafike kwenye shina. Nimeona nywele nyingi zilizodhaniwa kuwa za mafuta kupindukia, kumbe zilikuwa hazisuuzwi vya kutosha.

Mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili, badala ya shampuu ya kawaida tumia ile ya kusafisha kwa kina, ambayo huondoa mabaki ya spreyi, povu la kupangia na silikoni. Wanaoishi mahali penye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, wanaihitaji zaidi kuliko wengine, kwa sababu madini hayo hugandia kwenye unywele na kuufanya uwe mzito na mkavu kwa wakati mmoja. Aliyepaka rangi aitumie kwa nadra, maana huichujua rangi haraka. Kuhusu bikaboneti ya soda inayosifiwa na wengi kama kisafishaji, ushauri wangu ni kuiacha: ni ya alkali, ilhali ngozi na unywele vina asili ya asidi kidogo, na kwa kuitumia mara kwa mara magamba ya unywele huinuka na unywele mwembamba hukatika.

Hatua ya tatu: kondishna ni ya ncha

Usiiache kabisa, kwa sababu ncha ndizo sehemu kongwe za unywele. Nywele zinazogusa mabega zimeishi miaka miwili na zaidi, na mafuta ya utosini hayazifikii kwa wakati. Chukua kiasi cha punje ya harage, paka kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, chana kwa chanuo lenye meno mapana, subiri dakika moja, kisha suuza. Ikiwa hata kiasi hicho kinazilaza nywele, geuza utaratibu: paka kondishna kwanza kwenye ncha zilizolowa, kisha osha kichwa kwa shampuu. Ulaini hubaki na uzito huondoka. Mwenye nywele zisizofika masikioni anaweza kuiruka hatua hii.

Hatua ya nne: kausha ukiwa umeziinua

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi zake za ndani hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo dhaifu zaidi, ambavyo ni vingi mno, huachana mara unywele unapolowa, kisha hujifunga upya kadiri maji yanavyotoka. Umbo ambalo unywele unalo wakati unyevu wa mwisho unapotoka ndilo utakalolishika mpaka ulowe tena kwa maji, jasho au mvuke. Basi aliyeziacha nywele zikauke zikiwa zimelala juu ya kichwa amezifunga katika hali ya kulala, na hakuna spreyi itakayoziamsha kwa muda mrefu.

Anza kwa kukamua maji kwa taulo au fulana ya pamba, ukibonyeza bila kusugua. Paka povu la kupangia nywele kwenye mashina peke yake, kwa kiasi nitakachokieleza hapa chini. Kisha inamisha kichwa mpaka nywele zining'inie, na uzikaushe kwa draya yenye joto la wastani, ukipitisha vidole kwenye mashina, hadi zifikie kama robo tatu ya kukauka. Mpaka hapo hakuna haja ya brashi, kwa kuwa nywele zilizoloa chepechepe hazijaanza kushika umbo, na kuzivuta ni kuzikata tu.

Inua kichwa na ugawe nywele katika mafungu manne: utosi, pande mbili na kisogo. Ivishe draya mdomo wake bapa, kwa sababu unaielekeza hewa mahali pamoja. Chukua fungu la upana wa brashi, liinue kwa brashi ya duara mpaka lisimame wima juu ya ngozi, au liegemee upande ulio kinyume na linakolalia kila siku, kisha puliza hewa kutoka kwenye shina kuelekea ncha. Acha kati ya draya na nywele nafasi ya sentimita 15 hivi, na usiiache itulie mahali pamoja. Fungu likikauka, usiliachie hapo hapo. Bonyeza kitufe cha hewa baridi na upulize kwa sekunde kumi huku brashi ikiwa bado imelishika, maana unywele wa moto bado ni laini na utaporomoka, ilhali uliopoa umekwisha kujifunga. Kati ya makosa yote ninayoyaona, kuachia nywele zikiwa moto ndilo linaloharibu kazi ya wengi.

Utosi uuachie mwisho na uushughulikie kwa uangalifu zaidi. Ikiwa njia yako, yaani ule mstari unaogawa nywele, iko kushoto, zikaushe nywele za utosini zikiwa zimeelekezwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na mwisho zirudishe mahali pake. Zitakaa zimeinuka bila kuongezwa chochote. Wenye dakika kumi na tano zaidi wafunge rola tatu au nne kubwa, zile zinazojishika zenyewe, kuanzia paji la uso hadi nyuma ya utosi, wazipashe moto kwa draya kidogo, kisha waendelee kuvaa na shughuli nyingine mpaka zipoe kabisa.

Pasi ya nywele ni adui wa ujazo, lakini ikibidi kuitumia, isizidi nyuzi joto 150 na isiguse kamwe nywele zenye unyevu. Maji yaliyomo ndani ya unywele huchemka ghafla, yakatengeneza viputo vinavyoupasua kwa ndani, na unywele uliopasuka namna hiyo haurudi katika hali yake.

Asiyetaka moto anaweza kupata matokeo ya kuridhisha bila draya. Nywele zikiwa nusu kavu, zikusanye utosini kwa kifundo kilicholegea, au bana mashina kwa vibanio vidogo vilivyosimamishwa wima kando ya njia, kisha usiziguse mpaka zikauke kabisa. Kulala na nywele mbichi zilizobanwa na mto ni kuzifunga bapa usiku kucha.

Hatua ya tano: vipodozi viwe vichache

Kwa nywele zinazogusa mabega, povu la kupangia lenye ukubwa wa nusu yai linatosha, na lisambazwe kwa vidole sentimita tatu za kwanza kutoka ngozini. Spreyi ipulizwe chini ya nywele zilizoinuliwa, kutoka umbali wa sentimita 25 au 30, kwani ikipulizwa juu ya kichwa kwa karibu huzibandika pale pale ulipotaka zisimame. Spreyi yenye chumvi huzipa nywele ukwaruzo unaozisaidia kuegemeana, ila hukausha ncha, kwa hiyo iwe ya siku chache. Nta, pomedi, krimu nzito na mafuta ya aina yoyote usivipake baada ya kuosha. Anayependa mafuta kwa ajili ya ncha zake na ayapake saa moja kabla ya kuosha, kisha ayaondoe kwa shampuu. Vipodozi viwili kwa siku moja ni kikomo changu, na siku nyingi kimoja kinatosha.

Siku ya pili na shampuu kavu

Shampuu kavu kwa kawaida ni wanga unaonyonya mafuta. Haioshi, bali inaahirisha, na ni muhimu kuitendea kwa kadiri ya hilo. Itikise chupa, inua nywele fungu kwa fungu, puliza kwenye mashina kutoka sentimita 20 hadi 30, subiri dakika tatu, kisha sugua kwa vidole na kuchana ili unga utoke. Hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kabla ya kulala, wakati nywele zingali safi, kwa sababu wanga unayapokea mafuta kadiri yanavyotoka badala ya kupambana na yaliyokwisha kuenea. Usiitumie siku tatu mfululizo bila kuosha, na usipulize ile ya mkebe karibu na moto au draya iliyowashwa, maana gesi yake hulipuka. Wanga wa mahindi uliopakwa kwa brashi laini ya vipodozi hufanya kazi hiyo hiyo.

Ikiwa kinachochafuka ni nywele za paji la uso tu, zilizobaki zifunge nyuma, uzioshe hizo chache kwa tone la shampuu, kisha uzikaushe. Kuhamisha njia kutoka upande mmoja kwenda mwingine husaidia pia, kwa kuwa mashina yaliyozoea kulala upande mmoja yakigeuzwa husimama kwa saa kadhaa.

Mkato

Urefu kati ya kidevu na mabega ndio unaozifaa nywele hizi zaidi, kwa sababu uzito unaovuta mashina chini hupungua. Mwambie msusi akate ncha kwa mstari ulionyooka, ambao huzifanya zionekane nene, na kama ataweka ngazi, yaani tabaka za nywele zinazopishana urefu, ziwe chache na ndefu, za utosini tu. Asizipunguze kwa wembe wala kwa mkasi wenye meno: mbinu hiyo ni ya nywele nzito, na kwenye nyembamba huacha ncha zinazoonekana kama zimeliwa. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo mkato huu hupoteza umbo baada ya wiki nane hadi kumi.

Mambo madogo ya kila siku yanaweza kusemwa kwa ufupi. Osha brashi kwa shampuu kila wiki, kwani iliyojaa mafuta huyarudisha kwenye nywele safi. Badilisha foronya mara kwa mara. Ondoa mikono kichwani, na usichane zaidi ya inavyohitajika, maana kila unapochana unayavuta mafuta ya ngozini kuyapeleka chini.

Wakati wa kumwona daktari

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida, na baada ya kujifungua au homa kali zinaweza kuanguka nyingi zaidi miezi miwili au mitatu baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Mba wenye magamba ya manjano yenye mafuta, pamoja na mwasho na wekundu, huhitaji shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, inayoachwa kichwani kwa dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa. Ukiendelea baada ya mwezi mmoja wa matumizi, muone daktari wa ngozi. Mwanamke ambaye mafuta ya nywele yamezidi ghafla, akapata na chunusi, nywele za kidevuni na hedhi isiyo na mpangilio, apimwe homoni. Vivyo hivyo, njia inayopanuka au viraka vitupu si mambo ya kufichwa kwa mpangilio wa nywele. Piga picha ya njia yako mara moja kila mwezi, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule, nywele zikiwa safi na kavu, na uende nazo kwa daktari, kwa kuwa badiliko la miezi sita ni vigumu kulieleza kwa maneno lakini huonekana mara moja kwenye picha.